Nusu Saa Baada ya Chakula

Jumamosi hiyo soko la Bukoba lilifurika hadi barabarani. Bodaboda zilipiga honi katikati ya watu, wachuuzi walikuwa wameshusha mikungu ya ndizi mpaka njia ikabaki ya mtu mmoja, na mbele ya meza ya dagaa Kokushubila alikuwa amesimama dakika kumi nzima, hanunui wala haondoki. Alivaa gauni pana la kitenge cha kijani, alilolishona kwa mkono wake, na juu yake sweta, ingawa jua lilikuwa kali. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa vitu vitatu tu: parachichi, karanga, dagaa. Viwili vya kwanza tayari vilikuwa kikapuni. Dagaa ndio waliomshinda, maana dagaa hukaangwa, na mafuta yalikuwa bado yanamtia hofu.

"Dada," sauti ilisema nyuma ya meza, "hao wamekufa tangu juzi. Hawaumi."

Aliinua macho. Alikuwa kijana mrefu aliyeungua na jua la ziwani, juu shati jeupe lililopigwa pasi, chini buti za mpira. Mtu angeweza kudhani kichwa kinakwenda kanisani na miguu inakwenda kuvua.

"Nani amekwambia naogopa kuumwa?"

"Sasa unawatazama hivyo kwa nini? Mimi nikitazamwa hivyo na askari nakiri kosa ambalo sijafanya."

Kokushubila alicheka kabla hajajizuia. Ilikuwa muda mrefu hajacheka mbele ya chakula.

"Nipimie kisado kimoja."

"Kisado kizima? Una familia kubwa?"

"Naishi peke yangu."

"Hilo nimefurahi kulisikia," kijana alisema, akajaza kisado mpaka dagaa wakamwagika, akaongeza konzi mbili za nyongeza. "Naitwa Masele. Natoa mzigo visiwani, kule Muleba, kila Jumamosi niko hapa. Nipe namba yako, nikileta waliokauka vizuri nikujulishe."

"Dagaa wana haja gani ya namba yangu?"

"Dagaa hawana haja. Mimi ndiye mwenye haja."

Akampa. Mwenyewe hakujua ni kwa nini alimpa, ila alipofika chumbani kwake aliwakaanga wale dagaa, akala, na siku hiyo hakulia.

Jambo la kulia mbele ya sahani si jambo la kumweleza kila mtu. Miaka mitatu nyuma, Kokushubila alikuwa miongoni mwa wasichana waliomsindikiza rafiki yao kwenye harusi. Zipu ya gauni ilimpasukia mgongoni mbele ya kanisa zima, wanawake wakacheka, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mafuta ya nyama choma hayafichiki. Walisahau jioni ile ile. Yeye hakusahau. Alianza kupunguza chakula, kisha kukikimbia, kisha kukila kwa siri na kwenda kukitapika, mpaka siku moja akaanguka shambani kwao Rubafu, katikati ya migomba, na mama yake akamwokota akiwa mwepesi wa kutisha. Walikwenda kwenye maombi, walikwenda kwa bibi wa mizizi. Mwisho Kokushubila alipanda basi peke yake hadi hospitali ya Rubya, mbali na macho ya wanaomfahamu, akakutana na afisa lishe aitwaye Yuster.

Yuster hakumpa vidonge wala hakumgombeza. Alimpa daftari na saa. Chai, kitu kidogo saa nne, chakula saa saba, kitu kidogo saa kumi, chakula cha jioni. Kila wakati simu yake ipige kengele, naye ale, awe na hamu au asiwe nayo. Kila Alhamisi, siku ya kupima uzito, alimsimamisha kwenye mizani akiwa ameipa mgongo, asisome. Na juu ya yote alimwekea sharti moja.

"Ukishakula, nusu saa usibaki peke yako," Yuster alimwambia. "Kaa na mtu. Kama hakuna mtu, piga simu. Ongea upuuzi wowote. Ile hamu ya kwenda kutapika huja kwa nguvu, lakini haidumu. Ukiivuka nusu saa, umeshinda mlo huo."

Mwanzoni alimpigia dada yake aliyeolewa Mwanza. Dada akachoka. Ndipo siku moja, saa saba na nusu mchana, akapiga namba ya muuza dagaa.

"Kumbe unayo sauti hata kwenye simu," Masele alisema. Nyuma yake injini ya mtumbwi ilikuwa ikikohoa. "Nilifikiri unajua kutazama tu."

"Niambie kitu chochote."

"Kitu gani?"

"Chochote. Uko wapi, unaona nini."

Masele hakuuliza zaidi, na huo ndio uliokuwa uzuri wake. Alimweleza ndege waliotua juu ya turubai, mzee Nathanieli mwenye boti anavyokoroma huku amesimama, wavuvi wawili waliogombania kandambili moja. Nusu saa ikapita. Kokushubila alitazama saa, akashusha pumzi.

"Asante. Kwaheri."

"Umeniacha hivi hivi?"

"Kesho saa saba na nusu."

Ikawa kila siku. Mchana, na tena jioni baada ya chakula. Masele alimwita "mama dakika thelathini", akimtania kwamba hata benki haifungi kwa wakati namna ile. Akaanza kumwita Koku, kisha mpenzi, na siku aliyomwita mpenzi kwa mara ya kwanza Kokushubila aliukosea mkono wa gauni la mteja na kuushona upande wa shingo. Jumamosi walitembea ufukweni, yeye na magauni yake mapana, Masele na buti zake. Miezi minane ilikwenda hivyo, na tarehe ikawekwa: Masele angekwenda Rubafu Jumapili ya mwisho wa mwezi kujitambulisha kwa wazazi.

Lakini siri aliendelea kuitunza. Angemwambiaje mtu aliyekulia kisiwani, aliyewahi kulala na njaa, kwamba yeye anaumwa ugonjwa wa kukataa chakula?

Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, Masele alimkaribisha chakula kwenye mgahawa mmoja ufukweni. Samaki waliletwa wazima, wamekaangwa, na ndizi pembeni. Saa saba kamili simu ya Koku ikapiga kengele. Masele akaitazama ile simu, kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa bahasha.

"Kabla hujala," alisema. "Fungua."

Ilikuwa karatasi ya majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Jina ni la Masele, majibu ni safi.

"Hii ya nini?"

"Nimepima ili ujue hali yangu. Sikulazimishi kusema. Mama yangu anakunywa dawa mwaka wa kumi na sita huu, analima, anagombana na majirani, hana shida yoyote. Mimi hilo halinitishi, Koku. Nitakuoa hivyo hivyo. Ila ningependa niambiwe na wewe, siyo na watu."

"Watu gani?"

Masele aliinamisha kichwa. "Shamsa, yule muuza sangara pale mwaloni, tunaposhushia mizigo. Alipeleka mtoto Rubya, akakuona umekaa kwenye benchi na wale wanaopewa lishe pamoja na dawa. Akaniuliza. Na mimi nilikuwa nimeshaona kengele, unavyoondoka kila Alhamisi, huo mwili wako. Nikajumlisha."

Huwezi kumlaumu sana. Kagera watu wazima bado wanaikumbuka miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja tu, na migomba mingi imezungukwa na makaburi ya wakati huo. Lakini Kokushubila hakuwa na nafasi ya kufikiri hayo. Alichosikia ni kwamba mwalo mzima ulikuwa umemjadili.

"Siyo hiyo," alisema.

"Koku, nimekwambia mimi..."

"Siyo hiyo, Masele. Afadhali ingekuwa hiyo, ningejua pa kuanzia kusema."

Akamweleza. Alisimulia zipu, kanisa, Rubafu, mizani inayopewa mgongo. Alisema huku akiwatazama samaki, maana usoni kwa Masele hakuthubutu. Kisha Masele akaachia pumzi ndefu, na akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetua mzigo, hakikuwa na ubaya ndani yake, lakini kilikuwa kicheko.

"Kumbe ni hilo tu. Umenitesa miezi yote hii. Si ule tu, mpenzi." Akamsogezea sahani. "Haya, kula nione."

Si ule tu. Mama yake alilisema neno hilo, padri alilisema, shangazi alilisema akiwa amemshikia kijiko mdomoni. Kokushubila alisimama, akavuta sweta lake.

"Jumapili usije nyumbani," alisema. "Na usinipigie."

Akamwacha na samaki wawili na bahasha.

Kukasirika ni rahisi. Kazi ilikuwa saa saba na nusu ya kesho yake. Kengele ilipiga, akala nusu, akashika simu, akaiweka. Dakika thelathini zilikaa mbele yake na hakukuwa na mtu wa kuzijaza. Siku ya tatu alishindwa. Siku ya tano alishindwa mara mbili. Kazini aliwapima wateja kiuno kwa futi yake ya njano, na jioni moja, wateja wameondoka, akajizungushia futi hiyo yeye mwenyewe, jambo ambalo Yuster alimkataza kabisa. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kueleza sababu. Alijua sababu. Maneno ya Shamsa yalikuwa yamepanda kutoka mwaloni hadi mjini.

Alhamisi ya kabla ya Jumapili hiyo Yuster alitazama mizani kwa muda mrefu, akampima mapigo ya moyo mara mbili.

"Nani amekuondokea?" aliuliza.

"Nimemwondoa mwenyewe."

"Sikuulizi mapenzi, nakuuliza nusu saa zako." Yuster alivua miwani. "Nisikilize, binti. Moyo wako unakwenda polepole kuliko ninavyotaka. Wiki ijayo ukija na hali hii sikurudishi nyumbani, nakulaza. Na ukizidi kushuka, hata kukulaza kunaweza kusisaidie. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ulisema Jumapili una jambo. Una nini?"

"Sina kitu," Kokushubila alisema. Lakini alikuwa nacho. Wazazi hakuwaambia kwamba amemkataza Masele kuja. Alipanga kufika Rubafu, kukaa na wazee mpaka jioni, mgeni asitokee, na jambo lijifie lenyewe.

Jumapili mama yake, Edvina, aliamka kabla ya jogoo kumenya ndizi. Saa tano sufuria la ebitoke, zile ndizi za kupika, lilikuwa limefunikwa majani na linatoa mvuke, kuku wawili walikuwa wameiva, na senene, wale panzi wa kuliwa, waliohifadhiwa tangu msimu walikuwa wamekaangwa upya. Nyumba nzima ilinukia, na Koku alizunguka akifungua madirisha. Alivaa gauni refu la zambarau, alilokuwa amelishona kwa furaha mwezi mmoja nyuma. Sasa lilimpwaya mabegani, akalibana kwa pini.

"Mwana wange, utaratibu wa hapa unaujua," Edvina alisema akimrekebisha kola. "Binti anakaa mbele ya wageni, anakula nao. Akisusa, wageni wanashukuru, wanaondoka, hawaulizi kitu. Shangazi yako Paskazia alimkataa mwalimu hivyo hivyo, hakufungua hata mdomo. Kwa hiyo leo ule, waitu, nakuomba. Kama unamtaka, ule."

"Na kama hawaji?"

"Kwa nini wasije?"

Saa sita gari likasimama uani. Kokushubila alichungulia dirishani. Masele alishuka akiwa na suti ya rangi ya kahawa, viatu vya ngozi vinavyong'aa, bila buti kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Nyuma yake mzee Nathanieli, aliyemlea, alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Walikaribishwa, wakapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakaulizwa habari za njia na za ziwa. Mzee Byarugaba, baba yake Koku, alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Masele hakumtazama Koku hata mara moja. Kisha chakula kikaletwa, na Edvina, kwa mapenzi yake yote, akampakulia binti yake mlima wa ebitoke, kuku juu, maharage pembeni, senene kwenye kisahani.

Macho ya wazee yakamgeukia binti. Kokushubila aliitazama sahani. Akiiacha, amemkataa mtu anayempenda. Akiila yote, anajua atakwenda wapi baada ya hapo, na anajua Yuster alisema nini kuhusu moyo wake. Mkono haukunyanyuka. Nathanieli aliacha kutafuna. Dakika moja ikapita, ya pili, na Edvina akaanza kuminya pindo la kanga yake kwa hofu.

"Mzee wangu," Masele alisema, "naomba radhi, mimi ni mgeni na sijui mengi. Naomba jibu langu lisitoke kwenye hiyo sahani. Alitoe yeye kwa mdomo, hata kama ni la kunikataa. Nitalipokea."

"Hapa utaratibu hatuubadilishi kwa ajili ya mgeni," Byarugaba alisema. "Kwa nini unaomba hivyo?"

Masele alinyamaza. Hapo ndipo alipomtazama Koku, na Koku akaelewa kwamba anajua kila kitu na hatasema hata neno, hata wakimfukuza. Siri ilikuwa ya Koku, na alikuwa amemwachia.

"Tata," Kokushubila alimwambia baba yake, "ni kwa sababu yangu. Ninaumwa. Chakula ndicho ninachoumwa." Sauti ilikatika, akairudisha. "Ile siku mliyoniokota shambani haikuisha. Kila Alhamisi nakwenda Rubya, kuna mama ananifundisha kula upya. Nikila sana napata hofu, natapika. Nisipokula nitakufa. Simkatai huyu. Ninamtaka. Ila hii sahani siiwezi."

Edvina alishika mdomo. Byarugaba aliweka kikombe chini polepole.

"Rubya," alisema. "Basi ni hiyo Rubya ninayosikia watu wakiitaja." Aligeuza macho dirishani, kule migombani walikolala kaka zake wawili waliozikwa katika mwaka mmoja. "Mimi nilifikiri ni ile ya ndugu zangu. Miaka mitatu nimekutazama unavyokonda, naogopa kuuliza. Nimekuwa nakungoja ufe, mwanangu."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja.

"Edvina. Mwondolee hiyo. Ajipakulie anachokiweza."

Kokushubila alijipakulia mwenyewe, kiasi alichofundishwa, na hakukipunguza. Kila tonge lilikuwa kazi. Hakuna aliyemhesabia, na Nathanieli, Mungu ambariki, alianza kusimulia boti iliyowahi kumkimbia ikiwa haina mtu, wakacheka. Alikula mpaka mwisho. Na mara tu alipoweka sahani chini, ile hamu ikaja, kwa nguvu zote za siku alizokuwa ameshindwa. Alinong'ona kwamba anakwenda kunawa, akatoka mlango wa nyuma, akashika njia ya chooni kati ya migomba. Alikuwa karibu anakimbia.

Simu ikaita.

"Koku," Masele alisema. Alikuwa ametoka barazani; nyuma yake, ndani, alisikika mzee Nathanieli. "Nimewaambia wazee nina simu ya lazima, dakika thelathini. Zimebaki ishirini na tisa."

Alisimama. Choo kilikuwa hatua kumi mbele yake.

"Nani amekwambia?"

"Nilikwenda Rubya Ijumaa. Nilikaa kwenye lile benchi tangu asubuhi na kina mama na watoto wao. Yule mama Yuster akasema habari za mgonjwa hatoi kwa mtu, hata akiwa na suti. Ila akasema anaweza kunifundisha kama anavyowafundisha wale kina mama. Akanifundisha. Alipofika kwenye nusu saa, nikamwomba arudie." Sauti ya Masele ilikwama. "Miezi minane nilifikiri unanibania muda. Na siku ile nikacheka. Nisamehe, Koku. Sikujua ninacheka nini."

"Ulinikosea sana."

"Najua."

"Ongea," Koku alisema, machozi yakimtiririka. "Bado nataka kwenda. Ongea tu."

Masele akaongea. Alimweleza mtoto wa pale kwenye benchi aliyemvua kiatu na kukitafuna, mchungaji wa mbuzi aliyewaelekeza njia mara tatu na zote si sahihi, na Nathanieli aliyelia kwenye gari akisingizia vumbi. Kokushubila aliegemea mgomba. Kisha akakaa juu ya majani makavu, gauni la zambarau na yote. Ile hamu ilimwachia bila yeye kujua ni saa ngapi.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Nne. Nikuulize sasa, au nisubiri ndani mbele ya wazee?"

"Sitapona kesho, Masele. Nitashindwa tena. Utachoka kama dada."

"Nikichoka nitakwambia nimechoka, na simu sitakata."

Koku aliisogeza simu karibu zaidi na sikio, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake mpaka dakika zikaisha. Hapo ndipo alipoinuka, akapangusa gauni, akakipa choo mgongo.

"Rudi kwa wazee," alisema. "Nakuja kujibu. Na usiage mapema, saa kumi nina ndizi mbivu na karanga."

"Kisha?"

"Kisha utakaa na mimi nusu saa. Leo bila simu."